Sufuria Lisilotiwa Chumvi

Kaeni, wapendwa. Kaeni vizuri, na ninyi mliosimama mlangoni sogeeni mbele, viti vipo. Leo tusiwe na haraka. Harufu ya pilau imenifikia mimi kama ilivyowafikia ninyi, na wazazi wa mtoto tuliyembatiza wamenihakikishia kwamba chakula kitatosha, maana kila nyumba imeleta sufuria lake. Mama yake mtoto anamaliza arobaini zake wiki hii, na amesema anataka kula na watu. Jambo jema sana. Lakini nilipopita kule nyuma kabla ya ibada, nilimkuta mmoja wenu ameinama, ameinua mfuniko, ananusa, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Hivi hili sufuria la nani?" Akajibiwa kwamba hakuna anayejua. Akarudisha mfuniko taratibu, akahamia kwenye sufuria jingine.

Jina silitaji. Msianze kugeuka na kutazamana. Nilikuwa nimeandaa mahubiri mengine kabisa, karatasi zake nimeziacha ofisini. Na yale yanayosemwa juu yangu mimi na sahani za watu, nayo yamenifikia. Tutafika huko. Kwanza nisikilizeni.

Alikuwepo mama mmoja kijana, amejifungua mtoto wake wa kwanza. Uzazi ule ulikuwa mgumu. Yeye mwenyewe alikumbuka mambo machache: alikumbuka dari ya hospitali, alikumbuka kichwa kinamgonga, halafu akakumbuka kuamka ulimi ukiwa na kidonda na mtoto amelala pembeni yake. Alipouliza kilichotokea, mumewe akamwambia, "Ulichoka tu, mke wangu. Ulilala." Akaamini. Mtu aliyetoka kujifungua unamwambia ulilala, atakubishia kwa lipi?

Mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi. Kwa hiyo walipotoka hospitali, dada yake mume, yaani wifi yake, aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka pale, akasema mbele ya watu, "Mzazi nitampikia mimi, asubuhi, mchana na jioni, mpaka arobaini ziishe." Majirani wakamsifu. Mama kijana akasema asante, lakini moyoni akajiuliza huyu anatafuta nini.

Msimlaumu haraka. Walikuwa na lao. Wakati wa posa wifi huyu alisema, jikoni, mbele ya wanawake wanaochambua mchele, kwamba mdogo wake angetafuta binti anayejua kupika. Maneno ya jikoni hayalali jikoni, mnajua wenyewe. Yalimfikia bibi arusi kabla ya arusi, na aliyaweka. Miaka miwili aliyaweka. Wakikutana walisalimiana vizuri, "wifi, wifi", wanachekeana, na kila mmoja anajua.

Sasa huyo ndiye anakuja kumpikia.

Siku ya kwanza ikaja supu ya kuku wa kienyeji kwenye hotipoti, ina tangawizi, ina pilipili manga, imekamuliwa ndimu mpaka inachoma pua. Mama akachota kijiko kimoja, akaonja. Haina chumvi. Akadhani wifi amesahau. Jioni zikaja ndizi za nazi zimeiva laini, mtu asiye na meno angezila. Hazina chumvi. Kesho yake mchicha, hauna chumvi. Samaki, hana chumvi, ila ndimu nyingi na kitunguu saumu kingi. Mtu husahau chumvi mara moja. Akisahau mara sita mfululizo, hapo hajasahau.

Akamwambia mumewe, "Dada yako chumvi imemwishia?"

Yule bwana akatazama sakafu. Akasema, "Kula tu, mama. Mtoto anahitaji maziwa." Halafu yeye mwenyewe akavuta sahani, akala ndizi zile bila chumvi, anatafuna kama mtu anayetafuna karatasi. Mwanamume ambaye siku zote chumvi ikipungua hasogezi tonge la pili! Mama akamtazama anavyokula, akaogopa. Akajiuliza, mume wangu amefanywa nini?

Mnacheka. Chekeni, lakini jiwekeni pale kitandani. Una mtoto wa siku nne, una maumivu, hutoki nje, na ulimwengu wako wote ni mlango mmoja. Kila anayeingia unamsoma uso. Wifi akija, anasimama kwanza mlangoni na mdogo wake wananong'ona, wakikuona umeamka wananyamaza. Kisha anaingia, anaweka hotipoti, anaanza maswali. "Kichwa kinauma? Macho unaona vizuri? Huoni vitu vinameremeta?" Halafu anafunua kanga miguuni, anaweka kidole gumba kwenye muundi, anabonyeza, anatoa kidole, anatazama alama yake. Anatazama sana. Anafunika. Anaondoka.

Nawauliza akina mama, ungemwelewaje mtu wa namna hiyo? Anapimia nini miguu yako kila siku? Alama ya kidole anaitazamia nini? Na kichwa chako kikiuma, yeye amejuaje?

Na jambo jingine lilimkera mama yule kuliko yote. Wifi alikuwa haketi. Mtu akimletea mzazi chakula hukaa naye, wakala pamoja, wakapiga soga, hata tonge mbili. Huyu anaweka chombo, anasema, "Nimewaacha wangu wananisubiri," huyoo anaondoka. Hali chakula chake mwenyewe.

Siku ya nane alikuja shoga yake kumwona mtoto. Hotipoti ilikuwa bado imejaa. Shoga akafungua, akaonja, akatema kwenye kiganja.

"Nani anakupikia?"

"Wifi."

"Kila siku hivi?"

"Kila siku."

Shoga akaenda akafunga mlango, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Akarudi akakaa karibu. "Shoga yangu, mimi sisemi kitu. Ila unajua chakula kisichotiwa chumvi hupelekewa akina nani."

Alijua. Alikulia upande ambao wazee wake, kabla hawajaacha mambo hayo, walipeleka sahani kwa wale wasioonekana, na sahani hiyo haikutiwa chumvi kamwe. Hakutaka kulifikiria jambo lile, akalifikiria. Maana sasa kila kitu kilikaa mahali pake: minong'ono, kidole, miguu, ndimu nyingi. Mtu anaweka ndimu nyingi namna ile kuficha kitu. Na hapo, wapendwa, alikuwa sahihi. Ndimu ile ilikuwa inaficha kitu. Ila alikosea ni nini.

Kuanzia siku ile chakula cha mchana alikimwaga nyuma ya choo. Palikuwa na bata wa jirani, wakakijua kile chakula kuliko wanavyomjua mwenye mali. Wakinusa tu wanakimbilia uani. Hotipoti akaiosha, akaifuta, ikarudi inang'aa, na wifi akiipokea anafurahi kwamba mzazi anamaliza chakula. Na bata wale wakanenepa. Hakuna aliyekufa wala aliyeugua hata siku moja. Ushahidi ulikuwa unatembea uani mbele ya macho yake, mnene, unapiga kelele, naye hakuuona. Mtu akishaingiwa na shaka humwambii kitu kuhusu bata.

Shoga ndiye akawa anamletea chakula halisi, kama walivyokiita. Dagaa waliokaushwa na chumvi. Karanga za chumvi. Siku nyingine ng'onda, yule samaki mkavu ambaye ukimla unamaliza mtungi wa maji. Na kwa ajili ya chakula cha jioni, ambacho mama hangeweza kukimwaga kwa kuwa mumewe alikuwepo, alimletea chumvi kwenye kikaratasi. Mama akaifunga kwenye pindo la kanga. Mumewe akigeuka, anafungua pindo, ananyunyiza, anafunga. Mwanamke ndani ya nyumba yake, anakula chumvi kwa kuiba.

Wiki ya tatu kichwa kikaanza kuuma. Miguu ikajaa, pete ikambana kidole. Wifi akija na maswali yake, "Kichwa je? Macho je?", mama anajibu, "Sijambo kabisa." Unadhani atamwambia? Umwambie mchawi dawa yake imekolea? Akafunika miguu vizuri zaidi, akisema amesikia baridi. Mchana wa jua kali, baridi.

Siku moja akaamua kumjaribu. Wifi alipoweka hotipoti, mama akasema, "Leo usiondoke, wifi. Kaa tule wote."

Alitegemea atakataa. Wifi akamtazama kidogo, akavua viatu, akakaa. Akanawa. Akala wali na maharage yasiyo na chumvi, tonge la kwanza, la pili, la tano, hakukunja uso, hakuuliza chumvi iko wapi. Akasema, "Kumbe kula na mtu ni raha. Nilikuwa naogopa nikikaa utaniuliza maswali."

"Maswali gani, wifi?"

"Aa, mambo ya wanawake tu." Akainuka, akaenda zake.

Je, shaka ilipungua? Ilizidi. Mama alijifungia na mtoto wake. Kwa sababu mtu wa kawaida akila maharage bila chumvi, uso husema. Huyu amezoea. Mtu anazoeaje chakula kile, kama si mmoja wao?

Siku ya ishirini na sita kichwa kilimuuma tangu alfajiri, na alipotazama dirisha aliona vitu vinameremeta kama vumbi kwenye jua. Alijua sasa kazi ya uchawi inaishia, na akifa yeye atafuata mtoto. Hilo ndilo lililomwinua. Kwa ajili yake mwenyewe angelala, lakini kwa ajili ya mtoto aliinuka. Akasema, "Leo nitaingia kwake saa ya chakula, nione wao wanakula nini, na nitamwambia mbele ya mume wake na watoto wake." Arobaini hazijaisha, mzazi hatakiwi kutoka, akatoka. Akambeba mtoto kifuani, akavuka nyumba mbili anashika ukuta, akapita bila hodi.

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Wifi, mume wake, na watoto wao wanne, wamezunguka sinia moja la ugali, bakuli la mchuzi wa samaki katikati. Mikono yote ikasimama.

Mume wa wifi akasema, "Karibu, shemeji. Karibu chakula."

Akapiga magoti pale pale, mtoto kifuani, akakata tonge, akachovya kwenye mchuzi wao, akatia mdomoni.

Haukuwa na chumvi.

Hapo akili ikamwambia kitu ambacho nikiwaambia mtacheka tena. Ikamwambia: kumbe ni nyumba nzima. Baba, mama, na watoto, wote wamo. Akawatazama mmoja mmoja, akiwa na lile tonge mdomoni, hawezi kulimeza wala kulitema.

Ndipo kabinti ka mwisho, kana miaka mitano, kakamsogelea kakamshika goti. Kakasema, "Anti, umeshapona? Leo tunatia chumvi?"

Mama yake akasema haraka, "Wee, nyamaza."

Lakini mtoto akishaanza hanyamazi. "Mama alisema hatuli chumvi mpaka anti apone, ili anti asile peke yake. Na mimi sijalia. Kaka amelia."

Mume wa wifi akacheka kidogo, kicheko cha aibu, akasema, "Wiki ya kwanza ilikuwa kazi, shemeji. Sasa tumezoea."

Wifi akafunika uso kwa kanga yake. Alipoufunua, akasema yaliyokuwa yamefichwa siku ishirini na sita. Kwamba siku ya kujifungua presha ilipanda, akapata kifafa cha mimba, akauma ulimi, na kwa saa nzima hawakujua watatoka pale na watu wangapi. Kwamba nesi aliwaita wawili wao, mume na dada, mgonjwa akiwa bado amelewa dawa, akawaeleza: vidonge hivi asikose, chumvi asile, miguu mwitazame kila siku, kichwa na macho mwulizeni, na yeye mwenyewe akiamka mwambieni yote. Yote waliyafanya isipokuwa hilo la mwisho. "Mdogo wangu alisema mzazi akipata hofu maziwa yatakauka. Nami nikaona ni kweli. Tukakwambia vidonge ni vya kuongeza damu. Halafu mimi nikajua hutaniamini nikikukataza chumvi bila sababu, kwa lile neno langu la wakati wa posa. Ndiyo maana nilikuwa sikai, wifi. Niliona nikikaa nitasema."

"Na ninyi?" mama akauliza. "Watoto nao kwa nini?"

"Ningepikaje masufuria mawili?" wifi akasema. Kisha akaona jibu hilo halitoshi, akasema, "Nilitia chumvi siku ile ya kwanza kwenye chakula chetu. Nikashindwa kumeza."

Mama akashika pindo la kanga yake. Vidole vilikuwa vimevimba, fundo likakataa, akalifungua kwa meno. Chumvi ikamwagika kwenye mkeka mbele ya sinia la watu wasiokula chumvi kwa ajili yake.

Wifi alitazama chumvi, akatazama miguu, akaweka kidole gumba kwenye muundi akabonyeza. Shimo likabaki. Akapaza sauti ya kuita bajaji mpaka majirani wakatoka.

Kwenye kituo cha afya, nesi alipima presha, akapima tena. Sindano, kitanda, siku nne. Siku ya pili, mama alipopata nafuu, nesi alimwambia, "Dada, ungesubiri mpaka jioni, leo ningekuwa naongea na mumeo, si wewe." Mtoto siku zile nne alilala kifuani kwa wifi.

Siku ya arobaini walipika. Walikuja majirani, akaja hata shoga, amekaa pembeni. Masufuria yote yalipikwa bila chumvi, na chumvi ikawekwa kwenye kisosi katikati ya mkeka, anayetaka ajitilie. Mama kijana akala sinia moja na wifi yake, mkono kwa mkono. Wageni wakala. Na kisosi kile, watu wakiisha kunawa, kilirudi jikoni kama kilivyotoka.

Haya. Mfano umeishia hapo, na sasa nataka kusema na sisi.

Najua mnasubiri nimchape yule mama kijana. Nitamchapa, lakini si yeye peke yake. Ni kweli alimwaga chakula cha upendo kwa bata. Alisoma kila jema kama baya, aliulizwa habari ya kichwa chake akasikia uadui, na chumvi aliyojitilia kwa siri ndiyo iliyomfikisha kitandani. Sisi ni yeye. Ni mara ngapi tumeletewa sahani, kabla hatujaonja tumeshauliza imetoka nyumba gani? Tunakula harusini tukichagua sinia. Tunasema, "Nimeshiba," kumbe tumeogopa. Shaka imekuwa ndiyo akili kwetu, asiye nayo tunamwita mshamba.

Lakini wifi naye nitamgusa. Alimpenda yule mama kwa tumbo la watoto wake mwenyewe, sijui ni nani kati yetu angefanya hivyo. Akamnyima kitu kimoja tu, neno la kweli, na kwa kukosekana neno hilo nyumba ingezika mtu. Alipaswa kukaa chini, avue viatu siku ya kwanza, aseme, "Wifi, nilikukosea kwa ulimi wangu, na sasa kuna hili." Aliogopa maziwa yatakauka. Tunaficha magonjwa, tunaficha sababu, tunapeleka hotipoti mlangoni tunaondoka haraka, halafu tunashangaa watu wanatuwazia vibaya. Upendo unaonong'ona mlangoni mtu aliyelala ndani hausikii kuwa ni upendo. Anasikia minong'ono tu.

Sasa nimefika pale nilipowaahidi.

Nimesikia mnavyosema, kwamba mchungaji siku hizi hali majumbani kwetu. Kwamba nakuja, naombea chakula, nagusa tonge mbili, nasema nimeshiba. Wengine mmesema najivuna. Mzee mmoja wa kanisa, namheshimu, ameambiwa na mtu kwamba nawaogopa ninyi, kwamba nadhani mtanitilia kitu. Yamenifikia yote, na yaliniuma, nami nikakasirika na ninyi miezi mitatu. Mama mchungaji ndiye aliyeniuliza juzi, "Umewaambia?" Nikamwambia hapana. Akaniuliza, "Sasa unakasirika nini?"

Ninayo presha, wapendwa. Daktari alinikataza chumvi tangu miezi mitatu iliyopita, na niliona aibu kusimama hapa, mwenye sauti kubwa hivi, niwaambie mwili umechoka. Nikaona bora mdhani nimeshiba. Naombeni mnisamehe, kwa kuwaficha na kwa kuwakasirikia kwa kosa langu mwenyewe.

Kule nyuma, mwisho kabisa wa mstari, kuna sufuria dogo la kijani. Ndilo lile lililoinuliwa mfuniko, likanuswa, likaachwa. Ni ndizi na nyama, halijatiwa chumvi, na aliyelipika ni mke wangu. Mmeuliza ni la nani. Ni la kwangu. Tusimame tuombee chakula, halafu mje mle nami.